Funda la Maji

Harufu ya siki hainiachi nikae. Mwezi uliopita, tukiwa njiani kwenda kumtazama mama, tulisimama kula katika hoteli moja iliyo kando ya barabara kuu pale Mikumi, na mhudumu akaniwekea kachumbari iliyoloweshwa siki kupita kiasi. Binti yangu Salma aliendelea kula. Mimi nilisogeza sahani, nikasimama, nikaenda mlangoni, nikarudi, nikakaa, nikasimama tena. Malori ya Iringa yalikuwa yakipita kwa mfululizo, na kila lililopita lilitikisa glasi mezani. Salma, ambaye hawezi kumwona mtu amesimama mlangoni asiinue simu yake, akanipiga picha.

"Mama, una nini leo? Kaa basi, chakula kinapoa."

Nilimjibu kwamba ni joto. Sikuwa na namna ya kumweleza, katikati ya wali na kelele za malori, kwamba siki kwangu si kiungo cha chakula. Siki ni chumba kidogo nyuma ya nyumba yetu ya kota za reli kule Kilosa: dirisha limezibwa kwa blanketi, balbu imefungwa kitambaa chekundu, na baba yangu amechuchumaa juu ya mabeseni yaliyopangwa sakafuni. Beseni la kwanza lilikuwa na dawa ya kusafishia picha. La mwisho lilikuwa na dawa ya kuikazia isififie. La katikati lilikuwa na siki ya dukani iliyozimuliwa kwa maji, ambayo kazi yake ilikuwa kuizuia picha isiendelee kuwa nyeusi hadi ikapotea. "Bila siki," baba alipenda kusema, "picha haijui pa kusimama."

Baba alikuwa karani wa stesheni, mjukuu wa mtu aliyekuja kutoka Tabora kutandika reli na asirudi kwao. Kupiga picha hakukuwa kazi yake. Harusi, ubatizo na picha za vitambulisho alimwachia mwenye studio mjini, mwenye pazia lenye maporomoko ya maji na kiti cha mwanzi. Baba na wenzake wawili walipiga picha kwa sababu hawakuweza kuacha. "Ile ya studio ni kazi," alisema Mwalimu Kondo siku moja mtu alipowauliza. "Hii yetu ni ugonjwa, na hauna hospitali."

Mwalimu Kondo alifundisha jiografia, mtoto wa wakulima wa tambarare za hapo hapo, mtu mwembamba mwenye kanzu safi na maneno mengi. Alizunguka mitaani na sokoni akipiga picha za watu wakiwa katika shughuli zao. Mwingine alikuwa Bwana Lazaro, mpishi katika nyumba ya wageni wa mbugani kule Mikumi, mtu mnene, mpole, aliyeachiwa kamera na mtalii mmoja aliyependa mchuzi wake. Kila alipopata mapumziko Jumapili, Bwana Lazaro alipanda gari lolote lililokuwa likija Kilosa, akateremka akiwa na vumbi la njia ya Kisanga hadi kwenye nyusi, na picha zake zimefungwa katika karatasi ya sukari ndani ya shati.

Alasiri hiyo jamvi lilitandikwa barazani kwetu, na kila mmoja akaziweka picha zake juu yake kifudifudi. Katikati palikaa kikombe cha bati chenye maji, na kukijaza ilikuwa kazi yangu. Hapo ndipo palipokuwa na sheria yao, ambayo sijapata kuisikia kwingine. Kabla ya picha kufunuliwa, mwenye picha alipiga funda la maji na kulishika mdomoni. Hakuruhusiwa kumeza wala kutema hadi wenzake wamalize kusema walichokiona. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya Mwalimu Kondo, ambaye hapo mwanzo alikuwa akieleza kila picha yake kama ramani ya dunia, na watu wakatoka wamesikia mengi na kuona machache.

"Picha inayohitaji mwalimu," Bwana Lazaro alikuwa amemwambia, "bado haijaiva."

Basi ndivyo walivyokaa, wanaume watatu wazima, mmoja wao mashavu yamevimba kama mtoto mwenye jino bovu, wakiinamia vipande vya karatasi vilivyojikunja pembeni. Mama akipita na birika la chai aliwacheka.

"Haya, msiba wenu leo umeanza saa ngapi? Niwaletee na ubani?"

Nakumbuka picha ya Bwana Lazaro ya utingo aliyelala chini ya lori, nyayo zake tu zikionekana, nyeupe kwa vumbi. Mwalimu Kondo aliitazama kwa muda, kisha akapiga kofi gotini.

"Bwana Lazaro! Watu wanavuka bahari kuja kuwaona tembo wako. Wewe unatuletea nyayo za utingo! Simba wamekukosea nini?"

Bwana Lazaro, funda mdomoni, alicheka kwa macho tu.

"Usimcheke," alisema baba. "Tazama ufa huu wa kisigino. Huyu ametembea kabla hajapanda lori."

Waliposema yote, Bwana Lazaro akameza, akafuta midomo. "Tembo hajawahi kuchoka mbele yangu, Mwalimu. Mimi siwezi kukipiga picha kitu nisichojua kimechokaje."

Picha za baba zilikuwa za michezo. Alipiga mpira wa miguu, mbio za shule, na zaidi ya vyote mpira wa pete, kwa sababu mama yangu alikuwa mfungaji wa timu ya akina mama wa kota. Lakini baba alikuwa na ukaidi wake. Hakupenda mpira wenyewe uonekane. Alingoja hadi mpira uondoke mikononi mwa mtu, ndipo akabonyeza, akabaki na uso wa yule aliyeuachia.

"Picha ya mchezo isiyo na mpira," Mwalimu Kondo alilalamika kila mara, "ni picha ya watu wanaogombana."

"Mpira ni ule ule kila wiki," baba alijibu alipokwisha kumeza. "Uso haurudi."

Nilikuwa na umri wa kuelewa maneno yote na kutoelewa kwa nini yanasemwa. Siku waliyofunua picha ile ya mama, nilikuwa nimekaa ukutani, kikombe cha akiba mapajani. Mama alikuwa karibu na nguzo ya goli, mikono yake ingali hewani baada ya kurusha, kifua chake kinatazama mbele, lakini uso wake umegeukia upande wake wa kulia. Baba aliweka picha nyingine kando yake, ya mchezo uliotangulia: uso umegeuka vivyo hivyo. Na nyingine. Mashavu yake yalikuwa yamejaa maji, na juu ya mashavu hayo macho yake yaling'aa kwa fahari.

"Hapa sasa," alisema Mwalimu Kondo, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akisema polepole. "Wote wanatazama goli. Yeye peke yake anatazama nje ya picha. Ametuachia swali."

"Anatazama nini?" aliuliza Bwana Lazaro.

"Ndiyo swali lenyewe! Ukilijibu umeiua picha."

Bwana Lazaro akainama zaidi. "Upande huo si kuna barabara ya kwetu? Ile ya Mikumi?" Akacheka. "Baba Zuhura, shika mkeo. Amechoka kuchapwa na vumbi la stesheni, anatafuta gari la kurudi kwao."

Wakacheka wote, baba naye akacheka kwa mabega, maji yakimtoka puani. Mimi sikucheka. Ilikuwa kweli kwamba mama alizaliwa Mikumi, na kwamba bibi yangu, mama yake, aliishi huko, kipofu, akikaa kwenye kigoda chake akitutambua kwa mikono. Ilikuwa kweli pia kwamba barabara ya Mikumi ilipita upande ule wa kiwanja. Niliichukua ile picha walipokwisha kuiweka, nikaitazama karibu hadi pumzi yangu ikaitia ukungu. Niliona jambo ambalo watu wazima walikuwa wameliona na kulifanyia mzaha. Mama alikuwa akitaka kuondoka.

Mtoto akishapata wazo la namna hiyo, dunia nzima humletea ushahidi. Nilianza kumchunga mama yangu, na kila nilipomchunga alikuwa ameshaondoka kidogo zaidi. Zamani tulipokwenda sokoni nilitembea popote, mbele au nyuma, nikiokota mbegu. Sasa alinivuta nikae kulia kwake na kunishika mkono kwa nguvu. Nilidhani ananifanya pazia, ili watu wa upande ule wasimwone anavyotazama mbali. Aliacha kuchambua mchele, akaniachia mimi ungo, akisema ni wakati wa mimi kujifunza. Nilidhani anatuzoesha kuishi bila yeye. Alijikwaa kwenye kigoda kilichokuwa mahali pake pa siku zote, akacheka, akakikaripia. Nilidhani miguu yake imeanza kuisahau nyumba.

La kuniaibisha zaidi lilihusu salamu. Nyumba ya tatu kutoka kwetu aliishi Bibi Mwanaidi, mjane wa mfanyakazi wa reli, ambaye alikaa barazani tangu asubuhi na hakuna aliyempita bila kumwamkia. Hata walevi walimwamkia. Alasiri moja nilipotoka shuleni aliniita.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Njoo hapa. Mama yako ana nini na mimi?"

Nilisogea hadi ukingoni mwa baraza.

"Amenipita hapa asubuhi kama anapita mti. Mimi! Niliyemkanda alipokuzaa wewe! Nikasema labda ana haraka. Akarudi, akanipita tena. Mwambie kwamba Bibi Mwanaidi bado hajafa."

Nilikimbia nyumbani, lakini sikumwambia mama. Kwetu, mtu asiyeamkia wakubwa ni mtu aliyekwisha kujitoa katika jamii. Hana haja tena ya radhi yao. Nililala usiku huo nimefunga pindo la kanga ya mama kwenye kidole changu, na kila alipojigeuza niliamka.

Kisha akaenda Mikumi. Alisema anakwenda kumwona bibi, na akanikataza kumfuata kwa sababu ya shule. Alikaa huko siku nyingi kuliko alivyoahidi. Baba alinipikia ugali mgumu na kuniambia hadithi za gari moshi, lakini sikuweza kukaa kitako. Nilikwenda hadi kwenye njia panda, nikarudi, nikaenda tena. Aliporudi, mama aliketi kwenye ukingo wa kitanda na vumbi lake, akanishika uso wangu kwa mikono miwili, akapitisha vidole kwenye nyusi, pua, kidevu, kama bibi alivyokuwa akifanya. Nililia. Alidhani nililia kwa kumkosa. Mimi nililia kwa sababu nilifahamu, kwa hakika ile ya watoto isiyo na nafasi ya shaka, kwamba ananiaga.

Timu ya kota ilialikwa kucheza na akina mama wa Mikumi. Asubuhi ya safari niliviingiza viatu vyake vya raba ndani ya gunia la mahindi na kulifunga kamba. Mama alivitafuta nyumba nzima, akipapasa chini ya kitanda kwa mkono badala ya kuinama atazame. Hatimaye alivipata. Alisimama akivikung'uta punje, akanitazama kwa kunigeuzia uso ule ule uliogeuka wa picha.

"Zuhura, panya wa nyumba hii siku hizi wanafunga kamba?"

Hakunigombeza. Alinipandisha kwenye lori pamoja na wachezaji, na njia nzima nilikaa kulia kwake kama alivyotaka, nikiwa nimeshika sketi yake.

Mchezo wenyewe sikuuona. Nilimtazama mama tu. Mipira iliyotoka kushoto aliidaka kama anachuma embe. Iliyotoka kulia ilimpita, na mara moja ilimgonga begani. Mwenzake mmoja alimpigia kelele: "Mama Zuhura! Mpira umekupita kama basi la Mbeya, hata mkono hukuupungia!" Wote wakacheka, naye akacheka. Nyuma ya goli baba alikuwa amepiga goti, jicho moja limefumbwa, jingine kwenye kamera. Bwana Lazaro alisimama kando yake, akimwonyesha pa kukaa ili jua lisimwingie kwenye lenzi. Timu yetu ilishindwa. Jioni tulirudi Kilosa, na mama yumo ndani ya lori, nami sikuelewa kwa nini hakubaki.

Jumapili aliyokuja Bwana Lazaro, baba alikuwa amekwisha kusafisha mkanda wa mchezo huo, na nyumba ilikuwa bado inanuka siki. Jamvi likatandikwa. Nikajaza kikombe. Baba akapiga funda lake, akafunua picha za Mikumi, zote kwa pamoja, kinyume na desturi, kwa kuwa alijua amepata kitu.

Mama alikuwa katika kila picha, na katika kila picha uso wake ulikuwa umegeukia kulia.

"Swali letu limesafiri hadi Mikumi," alisema Mwalimu Kondo kwa furaha. "Baba Zuhura, hizi unazipeleka Dar es Salaam. Hizi ni za kutundikwa. Tazama mstari wa shingo! Ni kama anaitwa na mtu tusiyemwona."

Hapo nilisimama. Kikombe changu kilianguka, maji yakatiririka hadi kwenye ukingo wa jamvi, na wanaume wakaanza kuokota picha. Sikujali. Maneno niliyokuwa nimeyabeba kwa majuma mengi yalitoka pamoja na kilio.

"Mwambieni asiende! Mnasema ni nzuri, mnacheka, na yeye anatazama barabara ya Mikumi kila siku! Anataka kutuacha!"

Mwalimu Kondo alibaki na picha mkononi. Baba alinyanyua mkono kunituliza, mashavu yamejaa. Ni Bwana Lazaro aliyenivuta, akanikalisha kwenye goti lake kubwa lililonuka kitunguu.

"Mwanangu, nani kakwambia hivyo? Ni mimi na mzaha wangu? Nisamehe. Njoo nikuonyeshe, utacheka mwenyewe." Akachukua picha moja. "Hiki ni kiwanja cha kwetu. Mama yako yuko hapa. Nyumba ya bibi yako iko huku, kushoto kwake. Barabara kubwa iko huku, kushoto vilevile. Sasa yeye uso umeelekea wapi? Kulia. Na kulia pale kuna nini? Nyasi, na baada ya nyasi ni mbuga. Hakuna mtu. Hakuna barabara. Hakuna kitu cha..."

Hakumaliza. Nilihisi goti lake likikakamaa chini yangu. Alichukua picha ya pili, akaiweka kando ya ya kwanza, kisha akaomba zile za zamani za Kilosa. Mwalimu Kondo alimpa.

"Hakuna cha kutazama," alisema Bwana Lazaro, polepole sana. "Mwalimu, upande ule hakuna cha kutazama."

Mlangoni mama alitokea na birika. Hakujua kilichokuwa kikisemwa; alikuja na mzaha wake wa siku zote, "Msiba wa leo una mpaka kilio, nani kafariki?" Alipita kati yetu akielekea kwenye meza ndogo. Baba alisimama. Bado alikuwa na maji mdomoni. Alinyoosha mkono wenye picha kumpa mama, kutoka upande wake wa kulia, karibu kabisa na shavu lake, karibu hivi kwamba mtu yeyote angerudisha kichwa nyuma.

Mama alipita. Aliweka birika, akapanga vikombe, akamimina chai, na mkono wa baba ulikuwa bado umenyooka pale.

Nilimsikia baba akimeza. Sijapata kusikia tena mtu akimeza maji kwa sauti kubwa namna ile.

"Mama Zuhura," alisema.

Mama akageuka, akauzungusha uso wote, na ndipo akauona ule mkono. Aliutazama, akamtazama baba, akatutazama sote mmoja mmoja. Kisha aliketi chini kwenye jamvi lao, mahali ambapo hakuwahi kukaa.

"Tangu lini?" aliuliza baba.

"Tangu kabla ya mvua zile kubwa. Jicho hili la kulia lilianza pembeni, kama mtu anayevuta pazia taratibu."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Kwamba nimeanza kuwa mama yangu?" Sauti yake haikupanda. "Nilikwenda Mikumi kumuuliza lake lilianzaje. Akanieleza. Ni vile vile." Alichukua picha moja kutoka mkononi mwa Bwana Lazaro, akaileta karibu na jicho lake la kushoto. "Kila Jumapili unanitazama kwenye karatasi hizi, Baba Zuhura. Unanitazama kuliko mwanamume yeyote wa Kilosa anavyomtazama mkewe. Nikasema, ataona. Sitamwambia, ataona mwenyewe."

Mwalimu Kondo, mtu wa maneno mengi, alikuwa amechukua kikombe cha bati na kupiga funda, ingawa haikuwa zamu yake. Alilishika mdomoni hadi alipoaga kwa mkono na kuondoka.

Usiku ule baba alizitoa picha zote za mama alizowahi kupiga. Alizipanga sakafuni kutoka za zamani hadi za mwisho, nami nikitazama nyuma ya pazia. Katika za mwanzo uso ulitazama mbele moja kwa moja, ukicheka. Kisha uligeuka kidogo, kisha zaidi, kama mmea uliowekwa dirishani. Chochote kilichotaka kujulikana kilikuwa pale, kimesafishwa, kimekaziwa, kimejadiliwa barazani na watu waliojua kutazama. Walikuwa wameona shingo, mstari na swali. Hawakumwona mtu anayetafuta goli kwa jicho moja.

Baba alizibeba picha hizo hadi hospitali ya Morogoro. Mama alituambia baadaye, akicheka, kwamba daktari naye alizipanga mezani na kuinama, ikabaki tu kumletea kikombe cha maji. Ilikuwa ni presha ya macho. Jicho la kulia halikurudi. La kushoto lililindwa kwa dawa ya matone, likamtumikia miaka mingi: liliniona nikienda chuo, liliniona nikiolewa, na hata leo bado linatofautisha mchana na kivuli cha mtu mlangoni. Bibi Mwanaidi alipoelezwa, alikuja mwenyewe, akakaa na mama kutwa nzima, na tangu hapo yeye, mzee, ndiye aliyeita kwanza kutoka barazani: "Mama Zuhura, niko hapa!" ili mama apate kumwamkia. Bwana Lazaro, hadi mwisho wa uhai wake, hakumsogelea mama ila kutoka kushoto.

Nami nilipata nilichokitaka. Mama hakwenda popote. Ilinichukua muda mrefu kuona aibu kwa jinsi nilivyofurahi siku ile nikiwa gotini pa Bwana Lazaro, watu wazima wakihuzunika, nami nikijisemea kwamba ni jicho tu.

Daktari yule alimwambia baba jambo la mwisho, ambalo niliambiwa nilipokua: kwamba ugonjwa huu hutembea katika ukoo, na kwamba binti apimwe. Nimepimwa. Nimepimwa mara kwa mara katika ujana wangu, kisha mara chache, kisha, kwa miaka hii ya karibuni, nimekuwa na kazi nyingi. Msomaji wa rika langu anajua kazi za namna hiyo zinavyopatikana. Lakini sijatulia. Nikiona picha yangu popote, ya harusi ya mtu au ya kikao cha ofisi, kabla sijatazama nimevaa nini, natazama uso umeelekea wapi.

Jioni ya siku ile ya kachumbari tulikuwa tumekwisha kufika Kilosa, tumekaa barazani, mama amelala ndani. Salma alikuwa akichekea simu. Yeye na wenzake wana kundi lao humo simuni, vijana wa Morogoro na Dar es Salaam wanaowekeana picha za mitaani na za viwanjani na kuzijadili. Hawana jamvi wala kikombe, na hakuna anayenyamaza.

"Mama, picha yako imependwa, acha tu! Ile ya pale hotelini Mikumi. Sikiliza." Akasoma: "'Noma sana.' 'Mama mkali.' Na huyu, huyu ndiye fundi wetu, hasifii ovyo: 'Malori yote yanakwenda mbele, yeye peke yake anatazama nje ya picha. Usimuulize anatazama nini.'"

Aliniletea simu. Sikuipokea. Kulikuwa na glasi ya maji mezani. Niliichukua, nikapiga funda, nikalishika mdomoni, na ndipo nikaitazama picha kwa muda mrefu kama nilivyofundishwa. Mlango wa hoteli. Vumbi. Mwanamke wa makamo, kifua chake kinatazama barabara.

Nilimeza.

"Salma," nilisema, "njoo usimame hapa, kulia kwangu. Inua mkono, uulete taratibu. Usiniambie umeuinua lini."

"Kwani vipi, mama?"

"Fanya tu, mwanangu."

Nikatazama mbele, kwenye giza lililokuwa likiingia upande wa stesheni, nikangoja.